Raki mbele ya goli, mhasibu kwenye makao ya wazee

Nyumbani Tanzania beki mrefu hutumwa mbele dakika za lala salama, timu ikiwa nyuma kwa bao moja, na jukwaa zima linaelewa kwamba kocha ameishiwa. Hapa Melbourne kumpeleka mbele mtu mrefu ni mpango wa tangu Jumatatu. Unajadiliwa redioni wiki nzima, na watu wazima wenye mikopo ya nyumba wanagombana juu yake kwenye foleni ya kahawa. Nami siku hizi nagombana nao, tena kwa sauti.

Nazungumzia mpira wa Kiaustralia, ule wa umbo la yai. Kwa asiyeujua: timu ina watu 18 uwanjani, na kila upande una milingoti minne. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu ya katikati, unapata pointi 6. Ukipita kando yake unapata pointi 1, ambayo ni kama kuambiwa pole. Kuotea hakuna. Na ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi kabla haujagusa kitu, mchezo unasimama kwa ajili yako: unarudi nyuma, unavuta pumzi, unapiga bila mtu kukubughudhi. Kwa hiyo mtu mrefu aliye karibu na goli ni mali.

Raki ndiye mrefu kuliko wote, mara nyingi mita 2 na ushei. Mwamuzi akianzisha mpira katikati, na hufanya hivyo baada ya kila goli, raki wawili huruka na kukutana hewani, kila mmoja akijaribu kuupangua uangukie viungo wake. Mpira ukikwama popote uwanjani, yeye huyo lazima afike kuruka tena. Inachosha. Ndiyo maana timu nyingi hubeba raki wa pili, na hapo ndipo ugomvi unapoanza: yule asiyeruka kwa wakati huo akae wapi? Ukimweka benchi, anakula nafasi ya kijana wa kukimbia. Ukimpeleka mbele, anakuwa mlengwa wa mipira ya juu na anapata ahueni bila kutoka uwanjani. Ila mpira ukianguka chini, mrefu wako anachelewa kuinama, na beki mfupi wa wapinzani ameshauchukua na kutokomea nao.

Mimi naishi Footscray, magharibi ya mji, nyumbani kwa klabu ya Western Bulldogs. Kwa hiyo usinitegemee niwe mwamuzi wa haki.

Hapa mtaani ukitaja raki wa mbele, mtu atakujibu Tom Boyd. Aliletwa mwishoni mwa 2014 kama mshambuliaji, kijana mdogo mwenye mkataba wa mamilioni uliozungumzwa nchi nzima, na magoli hayakuja kwa kasi ambayo watu walidhani fedha ile imenunua. Mwaka 2016 kocha Luke Beveridge alimgawa kati ya kuruka na kushambulia. Kwenye fainali dhidi ya Sydney, Boyd alifunga magoli matatu, moja likiwa la robo ya mwisho ya mchezo: alipiga kutoka mbali sana, mpira ukadunda ukaingia wenyewe kwenye goli lisilo na mtu. Bulldogs walishinda kwa pointi 22, kombe lao la kwanza tangu 1954. Kuna wazee niliokuta wakilia wakilisimulia goli lile. Boyd mwenyewe alistaafu 2019, akiwa na miaka 23, na amesema hadharani jinsi msongo ule ulivyomuumiza akili. Hiyo sehemu huwa haitajwi kwenye foleni ya kahawa.

Kazini kwangu, kwenye makao ya wazee, kuna mzee shabiki wa klabu ya Essendon ambaye kwake hoja hii ilishafungwa zamani. Simon Madden, ananiambia, raki, mechi 378, magoli 575. Nimeangalia, namba ni sahihi. Kwa mzee huyu kugawa kazi ya kuruka na kazi ya kufunga ni uvivu wa vijana wa leo. Simbishii, maana ndiye nimpaye chai, lakini zama za Madden watu walibaki kwenye nafasi zao na uwanja ulikuwa na hewa. Leo timu zinahama kwa kundi, mabeki wanasaidiana watatu kwa mmoja hewani, na raki aliyekwisha kimbia kilomita kadhaa anafika kwenye goli amelegea.

Max Gawn, raki wa klabu ya Melbourne, alionyesha kwamba bado inawezekana. Nusu fainali ya 2021, kule Perth kwa sababu ya korona, nahodha huyo alifunga matano dhidi ya Geelong. Mwenzake alikuwa Luke Jackson, kijana mrefu lakini mwepesi chini kuliko kawaida ya warefu, na wakipokezana hivyo Melbourne wakabeba kombe lao la kwanza tangu 1964. Ukiniuliza siri ilikuwa nini, nitakujibu ni Jackson. Mpira ukianguka, hakubaki akiuangalia.

Jackson akahamia Fremantle, na Melbourne wakamleta Brodie Grundy, raki ambaye alikuwa ameshachaguliwa mara mbili katika kikosi bora cha nchi. Kwenye karatasi ilionekana utajiri. Uwanjani, msimu wa 2023, walikuwa watu wawili wa kazi moja, na mmoja ilibidi akajifunze kufunga. Grundy si mshambuliaji. Kabla msimu haujaisha alikuwa akichezeshwa ligi ya chini. Mwaka uliofuata alienda Sydney, akarudishiwa kazi yake ya kuruka, na timu ikafika fainali. Mtu yule yule, mikono ile ile.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kumpeleka raki mbele kunalipa pale ambapo ana kitu cha kufanya akiwa mbele. Pale ambapo kocha anatafuta tu mahali pa kumhifadhi mtu wa bei kubwa, ni kumharibu.

Sasa nyumbani. Nilikuwa mhasibu huko, na kwa shangazi zangu wa Morogoro bado ni mhasibu, japokuwa sijafunga hesabu za mtu tangu nitue hapa. Kwetu cheo hakivuki. Mwalimu aliyestaafu anaitwa Mwalimu hadi siku ya matanga, na Injinia ni Injinia hata akiwa kwenye foleni ya maji. Waliocheza mpira wa pete shuleni watanielewa: unavaa herufi kifuani, GK au WD, na ukivuka mstari wa eneo lako filimbi inalia. Mimi nilikuwa GD, mlinzi. Sikuwahi kufunga goli hata moja kwenye mechi ya shule kwa sababu sheria haikuniruhusu kufika kule, na tulilelewa tukiona maisha nayo yamepangwa vivyo hivyo.

Lakini tusidanganyane. Herufi iko kifuani tu. Yule Mwalimu ana bodaboda mbili barabarani, Injinia analima matikiti Kibaigwa, na nesi wa zamu ya usiku anauza vitenge mchana kwa WhatsApp. Watu wa nyumbani wanahama nafasi kuliko mchezaji yeyote wa huku, ila wanaita kujishikiza na hawaandiki kwenye wasifu wa kazi. Nafikiri hilo ni hasara kubwa. Ukimuuliza Mwalimu anajua nini, atakutajia Historia na Kiswahili, hatakutajia kwamba ameendesha biashara ya vyombo viwili vya moto bila kufilisika.

Huku ni kinyume. Wanakuhamisha bila aibu na bila hotuba. Msimamizi wangu wa zamu alikuwa fundi wa kukata nywele, na bosi wake aliwahi kuendesha lori. Hakuna anayewacheka. Mtu wa miaka 45 anarudi chuo kusomea umeme na watoto wake wanamwandalia chakula. Napenda sana tabia hii, na nikiulizwa ni kitu gani ningekipakia kwenye kontena nikipeleke Bandari ya Dar es Salaam, ningetaja hiki kabla ya televisheni.

Tatizo ni uelekeo. Raki akipelekwa mbele, anasogezwa kuelekea kwenye magoli. Bado ni raki, mshahara wake haukatwi, na akifunga jina lake linasomwa kwenye kipaza sauti. Sisi tuliokuja na vyeti tunahamishwa kuelekea nyuma. Mhandisi wa Kongo anapanga maboksi ghalani Derrimut. Daktari wa Burundi anasubiri mitihani ambayo ada zake zinamshinda, na akisubiri anaendesha teksi. Kisha tunaambiwa Australia ni nchi ya kubadilika. Kubadilika kwa nani? Sijamwona mzaliwa wa hapa mwenye shahada ya uhandisi akipelekwa kupanga maboksi ili apate “uzoefu wa huku”. Hiyo ni kumtoa raki kwenye mchezo, kumpa kazi ya kubeba maji, halafu kumsifu kwa moyo wa timu.

Kazi ya kutunza wazee siibezi, maana ninaipenda kuliko nilivyopenda hesabu. Ila niliichagua, na wenzangu wengi hawakuichagua. Hapo kuna tofauti ya Jackson na Grundy.

Vijana wetu wanaokulia huku wanalichukulia jambo hili kwa wepesi zaidi. Wanamwangalia Mabior Chol, mzaliwa wa Sudan, akicheza Hawthorn: anafunga, akihitajika anaruka, hakuna anayeuliza yeye ni nani hasa kati ya hayo mawili. Wanamjua Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa kambi ya Kakuma kule Turkana na mwaka 2021 akaingia kikosi bora cha nchi akiwa beki. Wanamjua pia Mason Cox, Mmarekani wa mita 2.11 aliyetoka kwenye mpira wa kikapu. Nusu fainali ya 2018 Collingwood walimweka mbele, akafunga matatu katika robo moja mbele ya mabingwa Richmond. Ukiwauliza watoto hawa watakuwa nani, wanakutajia vitu viwili au vitatu kwa mpigo, na mama zao wanashika vichwa.

Kwa Bulldogs wangu sina shaka. Tim English aruke, Sam Darcy, mwenye mita 2.08 na mikono ya kudakia, abaki mbele, na asaidie kuruka pale tu mpira unapokwama karibu na goli. Anayetaka kumchosha Darcy katikati ya uwanja aje Footscray tuongee.

Na kwa mnaojiandaa kuja: kama wewe ni mhandisi, peleka vyeti vyako Engineers Australia, chama cha wahandisi cha huku, vipimwe ukiwa bado nyumbani. Kama ni nesi, anza kusoma masharti ya AHPRA, wanaosajili wahudumu wa afya huku, leo, kabla hujauza kiwanja. Tafsiri za vyeti, barua za waajiri wa zamani na mtihani wa Kiingereza vinatafutika kwa urahisi zaidi ukiwa huko, ambako katibu muhtasari wa ofisi yako ya zamani bado anakukumbuka na anapokea simu.