Harusi ya Nyota, Bukoba, Mwezi wa Novemba

Mimi ni mpambaji wa harusi, ofisi yangu ipo Sinza, na katika kazi hii nimeombwa mambo. Nimeombwa bwawa la samaki katikati ya ukumbi. Nimeombwa tausi hai, nikamleta, akamdonoa mshenga. Kwa hiyo binti mmoja wa Kihaya aliponiambia anataka harusi ya usiku wa nyota, nje, kando ya ziwa, kwao Bukoba, mwezi wa Novemba, sikushtuka hata kidogo. Nilichouliza ni nani analipa usafiri.

Usiku wa nyota wengi wanauharibu. Mtu ananunua taa za krismasi Kariakoo, anazitandaza kwa mistari, kila taa imepimiwa nafasi na mwenzake, halafu anaita mbingu. Ile siyo mbingu, ile ni duka la vifaa vya umeme. Nyota hazipangi foleni. Kuna mahali zimerundikana, kuna mahali giza tupu, kuna moja kubwa imejitenga utadhani imegombana na wenzake. Mimi natanguliza kitambaa cheusi kisichong'aa, maana kinachong'aa kinarudisha mwanga na kila mgeni anaona mishono. Chini yake napitisha ogenza ya bluu iliyokolea, nimeilegeza. Halafu nyuzi za taa ndogo, nyingine zimebana juu, nyingine zimeshuka, ndipo mtu akiinua kichwa anaona kina. Za kumetameta naweka chache tu. Zikimeta zote wageni wanapata kizunguzungu kabla ya vinywaji. Mezani naweka vioo vya duara, ili anayeinama kula aone nyota na huku pia.

Na mwanga uwe mweupe pee. Ule wa njano ni wa baa.

Tarehe niliichagua mimi. Nilimwambia binti achague Jumamosi ya mwezi giza, kwa sababu mwezi ukitoka utashindana na kazi yangu. Mjomba wake, mzee mwenye mitumbwi ya dagaa, alipigiwa simu akanisifu sana. "Umesema vizuri, mwanangu. Mwezi giza ndiyo wenyewe. Vinakuja kwenye taa bila shida." Nikamjibu kwamba hasa, mzee, macho yote ya wageni yatakuwa kwenye taa. Akacheka muda mrefu. Nikaona hapa nimepata mteja anayeelewa sanaa.

Tatizo likawa bajeti. Nilitaka Njia ya Maziwa ipite nyuma ya meza kuu kwa kitambaa cha fedha, kutoka kona hadi kona. Kamati ikakaa kikao, mwenyekiti akanipigia: "Fundi, hatuwezi kununua maziwa ya juu wakati ya chai bado hatujanunua." Nikataka kususa. Mjomba akaingilia, akasema yeye ana mabati mapya, bado yanang'aa, atatoa bure. Na mapipa ya kuyasimamishia. Na taa kubwa za kuyamulika kuna kijana anazo, na jenereta lake, naye hataki hata senti.

Mtu wa Dar ukisikia "hataki hata senti" unapaswa kukimbia. Lakini mabati nilipoyaona nilisahau kila kitu. Tuliyasimamisha wima nyuma ya meza kuu, yamepinda kidogo kwa juu, kila bati mguu wake umeingia ndani ya pipa. Mapipa nikayavisha satini ya bluu, nikayazungushia maua bandia na riboni. Yule kijana wa taa akaja na balbu za wati 400, akazielekeza kwenye mabati kwa pembe fulani, akarudi nyuma, akaangalia, akasogeza moja kidogo tu. Nimefanya kazi na mafundi wa taa wenye vyeti ambao hawana nidhamu ile. Nikamuuliza, sasa bwana, malipo yako tufanyeje? Akasema: "Usijali bosi, nitachukua kitakachobaki kwenye mapipa." Nikaona ni mambo ya chupa tupu za soda. Nikamwambia achukue vyote.

Upande wa mashariki nikaweka Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho mabibi zetu walikitumia kujua msimu wa kulima. Hakuna aliyeniomba. Lakini Novemba ndiyo majira yake, kinachomoza jua likizama, na mimi siwekagi nyota mahali ambapo hazipo. Hiyo ni heshima ya kazi.

Mchana wa harusi ikanyesha mvua kubwa, ikakatika saa kumi. Kukabaki ukungu na joto la unyevu. Mimi nakimbizana na vitambaa vilivyolowa, wenyeji wanatazama juu wanapongezana. Nikajua wanafurahia mvua kukatika. Wageni wakaanza kuingia. Upande wa bwana harusi, watu wa Tanga, wamekuja na bahasha na sufuria zilizofungwa riboni. Upande wa bibi harusi wamekuja na mikoba mikubwa. Shangazi mmoja, gauni la dhahabu, kilemba cha dhahabu, mkononi ana ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Nikamwelekeza kwenye meza ya zawadi. Akaniangalia kwa huruma, akaenda kuketi na ndoo yake.

Saa mbili usiku nikawasha.

Naomba nisiwe na unyenyekevu wa uongo hapa. Ilipendeza. Watu walinyamaza wote. Huko ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kwenye giza, huku juu mbingu yangu, nyuma ya maharusi Njia ya Maziwa inawaka hadi inaumiza macho. Bibi harusi aliingia akilia. Mama mzazi wa bwana harusi akanishika mkono akasema, "Mwanangu, Mungu akuzidishie." Mungu alisikia.

Emsii akashika kipaza sauti kutambulisha ukoo wa bibi harusi, na kama unawajua ndugu zetu wale unajua utambulisho hauishii kwenye jina. Tulikuwa tumefika kwa binamu mwenye shahada mbili wakati nikasikia kitu nyuma yangu: ta. Bati limegongwa. Kisha: ta, ta. Nikaangalia juu, nikihisi mvua imerudi. Juu ya keki, ghorofa ya tatu, kando ya kile kidoli cha bwana harusi, amekaa mdudu wa kijani mwenye vipapasio virefu, anatulia kama mwalikwa. Kabla sijafika, mkono wa matroni ukapita, ukamnyakua, ukampeleka ndani ya pochi. Pochi ikafungwa. Matroni akaendelea kutabasamu kwa ajili ya picha.

Emsii akaacha shahada katikati. Akanong'ona kwenye kipaza sauti: "Senene."

Sijawahi kuona ukumbi ukibadilika vile. Walishuka kwa maelfu, wa kijani na wa hudhurungi, wanatoka gizani wanakuja moja kwa moja kwenye kazi yangu. Wanagonga bati, wanateleza, wanaangukia pipani. Wanagonga, wanateleza, wanaangukia. Yale mabati yakawa yanalia mfululizo hadi dijei akapunguza muziki mwenyewe. Na mimi nimesimama pale natazama mapipa niliyoyafunga riboni kwa mikono yangu yakijaa, na ndipo nikaelewa kwa nini yule kijana alisogeza ile taa kidogo tu.

Vigelegele vikapigwa ambavyo maharusi hawakupata walipoingia. Ndoo zikafunguliwa. Mikoba ikafunguliwa. Wazee waliokuwa wameletwa kwa kushikwa mikono wakapanda juu ya viti. Barafu ya shampeni ikamwagwa chini, ndoo yake ikachukuliwa. Msimamizi wa bwana harusi akavua koti, akafunga mikono yake mafundo, likawa gunia. Wapishi wakaliacha jiko. Ndafu akabaki peke yake mezani na jani lake mdomoni, hakuna aliyemtazama tena.

Upande wa Tanga ilikuwa Siku ya Kiyama. Watu wako chini ya meza. Mama mzazi wa bwana harusi, yule aliyeniombea, mmoja ameingia kwenye nywele zake za bandia, na senene akibanwa anang'ata. Akawa anapiga kelele, "Nitoeni! Nitoeni!" Dada mmoja wa kwao bibi harusi akaja mbio, akazichambua nywele kwa ustadi, akamtoa, akasema "Pole, mama," akamtia kwenye mfuko wake akaondoka. Nywele hakuzirudisha vizuri.

Nikakimbilia kwenye jenereta kuzima taa. Hilo ndilo jambo pekee la busara lililofanyika usiku ule na nilizuiwa kulifanya. Mwenyekiti wa kamati aliwahi kabla yangu, amekumbatia ndoo. "Fundi, unafanya nini?"

"Nazima taa, mheshimiwa. Harusi inaharibika."

"Inaharibika?" Akawaita wenzake waje wanisikie. "Ukizima taa hiyo, salio lako hulioni."

Nikamtafuta bibi harusi, nikijua huyo tu ndiye atakayenielewa, maana ni yeye aliyelilia hizi nyota tangu Dar. Nilimkuta nyuma ya meza kuu. Amekunja gauni hadi magotini, shela amelivua, yeye ameshika ncha moja na mumewe ncha nyingine, wamelitega chini ya taa. Bwana harusi, mtoto wa Tanga ambaye hakuwahi kumla senene maishani mwake, anapiga kelele, "Vuta kwako! Vuta kwako!" Picha bora ya harusi ile ni hiyo, na mpiga picha hakuipiga, kwa kuwa alikuwa ameweka kamera chini anajaza mfuko wa kamera.

Nikakaa kwenye kiti. Karibu yangu palikuwa na bibi mmoja, mzee sana, anajaza kiroba taratibu bila papara. Akaniambia enzi zake wanawake walikuwa wanakusanya tu, wanawapelekea waume zao. Wao wenyewe mwiko kula. Nikamuuliza, sasa hizo zote bibi unampelekea nani? Akafunga kiroba cha kwanza, akakung'uta cha pili. "Babu yako amefariki," akasema. "Nampelekea nani tena? Shika hapa, waitu." Nikashika.

Wimbi lilipungua kama saa sita. Chakula kikaliwa baridi, keki ikakatwa ikiwa na alama za miguu. Wale waliokaa chini ya meza wakaletewa sahani ya kwanza iliyokaangwa pale pale: wamenyonyolewa mabawa na miguu, chumvi kidogo, kitunguu, mafuta yao wenyewe yametosha. Mama mzazi wa bwana harusi alikataa. Kisha akaonja mmoja kwa ajili ya kulinda undugu. Kisha akavuta sahani karibu. Yule kijana wa taa alikuwa getini tayari, anauza kwa kikombe kwa wageni ambao hawakubeba ndoo, na mapipa yangu yenye satini yapo kwenye kirikuu. Satini hakunirudishia. Alidai tulikubaliana: kitakachobaki kwenye mapipa.

Alinieleza kitu kimoja, hata hivyo, cha kitaalamu. Wadudu wa usiku wanavutwa zaidi na mwanga mweupe kuliko wa njano. "Ungeweka za njano, bosi, tungepata nusu." Akaniambia wao mtego wa kawaida hauna taa ndogo za juu, lakini zile zimesaidia, mwakani atajaribu.

Salio nililipwa. Theluthi moja ilikuwa fedha taslimu, iliyobaki ni ndoo mbili zenye mfuniko, zimeshakaangwa. Nilifoka sana hadi nilipofika Dar nikasikia bei yake.

Mwaka uliofuata, Novemba ilipokaribia, nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Mama mmoja, sauti ya heshima, yupo Bukoba, ameniona kwenye video ya harusi ile. Anataka kazi kama ile ile, mwezi giza, mabati, mapipa, taa nyeupe. Kitambaa na vioo vya mezani si lazima. Nikatoa daftari, nikaandika tarehe, nikamuuliza maharusi wanapenda rangi gani.

"Maharusi gani?" akauliza.