Mpapindi una msitu, pingusi ana nani?

Mgeni akifika msitu wa Ngezi, Pemba, hachelewi kuoneshwa mpapindi: shina jembamba lenye pingili kama mwanzi, na matunda mekundu msimu ukifika. Wapemba tunajivunia mti huu, na tuna haki, kwani hauoti porini popote duniani ila kisiwani kwetu. Ndugu zake wako Bukini (Madagaska) na Komoro.

Lakini kinachonikosesha usingizi mimi ni pingusi, papa mwenye kichwa cha nyundo.

Wengine watashangaa, maana pingusi yupo bahari nyingi. Sawa. Ila mpapindi umesimama pahala pamoja, msitu wake una mipaka na walinzi, na mbegu zake huoteshwa hata bustanini nchi za mbali. Pingusi haoteshwi. Jike huchukua miaka mingi hadi kuzaa, na mimba hukaribia mwaka mzima. Tangu 2019, shirika la IUCN limeziweka aina mbili za pingusi wa bahari yetu katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Nimewaona dikoni, samaki wanaposhushwa, watoto watupu wamepangwa chini, hata urefu wa mkono hawafiki. Ukimgeuza mmoja, katikati ya mapezi ya kifuani unakuta kovu la kitovu halijafunga. Huyo kazaliwa juzi tu.

Simlaumu mvuvi. Jarife, wavu mkubwa wa baharini, halichagui, na pingusi asipoogelea hapumui. Nyavu zikivutwa alfajiri, keshakufa. Kumwambia mvuvi amrudishe majini ni kumwambia atupe chakula cha wanawe.

Hapo ndipo ninapoambiwa kuwa papa ni kitoweo, na kitoweo hakihifadhiwi. Mbona popo wa Pemba tulimla? Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ukingoni kabisa. Leo nenda Kidike ukawaone walivyojaa mitini, na wanaowalinda ni wanakijiji wenyewe.

Ninachotaka ni hiki: hori wanamozaliwa pingusi zisitegwe majarife miezi ya kuzaa, na wavuvi wafidiwe kwa miezi hiyo. Hori zipi na miezi ipi, waulizwe wazee wa bahari kabla ya mtaalamu yeyote. Eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba lipo tangu 2005, basi ianzwe humo. Kisiwa Panza wamekwisha kufunga miamba ya pweza kwa makubaliano yao, wakaifungua wakavuna. Kamati za wavuvi zinajua kazi hii; waitwe, waanze na kaskazi ijayo.