Kingatiba na Kisu: Nafasi ya Upasuaji Kandokando ya Ziwa

Kila bajeti ya afya inapojadiliwa, iwe kwenye kikao cha madiwani au kwenye benchi la kahawa hapa Kirumba, jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hakosekani mtu wa kukumbusha kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Usemi huo ni wa kweli, na kizazi changu kimelelewa nao tangu darasa la kwanza, pamoja na kuchemsha maji ya kunywa na kunawa mikono kwa sabuni. Hata hivyo, siku hizi nausikia ukitumika kueleza kwa nini kituo cha afya cha kisiwani kikae na chumba cha upasuaji kisicho na mtaalamu wa usingizi, au kwa nini mtungi wa oksijeni usubiri mwaka mwingine wa fedha. Hapo ndipo ninapoona kwamba upasuaji hautendewi haki, ingawa wanaotanguliza kinga wana hoja nzito ambazo hazifai kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni ya kihistoria. Huko Uingereza na Wales vifo vya kifua kikuu vilianza kupungua katikati ya karne ya 19, na dawa ya kwanza ya kuuponya ugonjwa huo, streptomaisini, ilipopatikana katika miaka ya 1940, sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa imeshatoweka. Thomas McKeown, mtaalamu wa afya ya jamii wa Uingereza aliyeivalia njuga hoja hiyo, alisema chanzo ni chakula bora. Waliomkosoa wakasema ni maji safi, mitaro na nyumba zenye hewa. Wote walikubaliana kwamba hospitali haikuwa mhusika mkuu. Ndui nayo, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, iliondolewa na chanjo pamoja na watu waliotembea kijiji hadi kijiji wakiwafuatilia wagonjwa.

Hoja ya pili iko hapa hapa ziwani. Anayeijua wodi yoyote kubwa ya Mwanza anamjua mgonjwa anayetapika damu, mara nyingi mtu wa makamo aliyekulia kando ya maji, ambaye ini lake limekakamaa kwa kichocho cha tumbo, na mishipa ya koo lake la chakula imevimba mpaka ikapasuka. Kumwokoa kunahitaji chupa za damu, mashine ya kuchungulia tumboni na daktari aliyebobea. Kidonge cha prazikwanteli alichopaswa kumeza akiwa shuleni, na choo ambacho kingezuia mayai ya minyoo yasiwafikie konokono wa ufukweni, vingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Anayelijua jambo hili kisha akasema tuanze na choo, sina la kumpinga.

Ila tulitazame neno ambalo wizara na walimu wetu wanalitumia siku ya kugawa kidonge hicho: kingatiba. Prazikwanteli haimkingi mtoto asiambukizwe. Inawaua minyoo waliokwisha kuingia mwilini, na mtoto akirudi kuoga mwaloni, yaani kwenye ufukwe wa wavuvi, jioni hiyo anaanza kupata wengine. Hiyo ni tiba, tena tiba halisi, lakini kwa sababu inatolewa mapema, kabla ini halijaharibika, tumekubali kuihesabu kuwa kinga, na tumefanya vyema. Swali langu ni kwa nini mantiki hiyo isiruhusiwe kuingia kwenye chumba cha upasuaji.

Miaka michache iliyopita nilimfahamu mvuvi mmoja wa dagaa ambaye alikuwa akienda ziwani huku amejifunga kinena kwa kipande cha kanga. Alikuwa na ngiri. Kila akivuta nyavu uvimbe ulitoka ukubwa wa ngumi, na kila akilala chali aliusukuma kwa kiganja mpaka ukarudi ndani, akacheka, akaendelea na kazi. Alikuwa ameshaambiwa kwamba operesheni ni ndogo, kwamba angechomwa sindano ya ganzi na pengine kurudi nyumbani siku ya pili, lakini kituo cha jirani hakikuwa na wa kuifanya, na safari ya kuja mjini ilikuwa na gharama ya nauli, kitanda na siku za kutovua. Usiku mmoja uvimbe haukurudi ndani. Alipofikishwa mjini kwa boti, alfajiri ya siku iliyofuata, utumbo ulionaswa ulikuwa umekwisha kufa, na operesheni ndogo ikageuka kuwa ya kufungua tumbo lote na kukata sehemu ya utumbo. Alipona, lakini nyavu na injini viliuzwa. Kama mtu huyu angefanyiwa ile operesheni ndogo mwanzoni, sijui tungeiita nini kama si kinga.

Takwimu inayotajwa mara nyingi na watetezi wa upasuaji ni ya tume ya wataalamu iliyotoa ripoti mwaka 2015 kupitia jarida la The Lancet. Walikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wenye gharama wanayoimudu, na kwamba mwaka 2010 watu milioni 16.9 walikufa kwa maradhi yanayohitaji huduma ya upasuaji, idadi inayozidi mara kadhaa vifo vya UKIMWI, kifua kikuu na malaria vikijumlishwa. Naipenda takwimu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo sitaki itumike ovyo. Kufa kwa ugonjwa unaohitaji upasuaji si sawa na kufa kwa kukosa upasuaji: ndani ya hesabu hiyo wamo wagonjwa wa saratani zilizokwisha kusambaa, na wamo waliopasuliwa vizuri wakafa hata hivyo. Anayesema kisu kingewaokoa wote milioni 16.9 anadanganya. Hata ukiwaondoa wengi, hata hivyo, wanaobaki ni mama aliyekwama katika uchungu, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu mfupa ukatoka nje, na mtu mwenye utumbo uliojinyonga, na tume hiyo ilichagua operesheni tatu zinazowahusu watu wa namna hiyo, yaani kumzalisha mama kwa kupasua, kufungua tumbo na kutibu mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi, kuwa kipimo cha hospitali ya ngazi ya wilaya. Ripoti hiyo ilisema pia kwamba katika operesheni milioni 313 zinazofanyika kila mwaka, theluthi ya watu walio maskini zaidi wanapata asilimia 6 tu.

Wapo wanaoudhani upasuaji kuwa anasa iliyoletwa na meli. Mwaka 1879 Robert Felkin, msafiri aliyekuwa anasomea udaktari, alishuhudia huko Kahura katika ufalme wa Bunyoro, kaskazini-magharibi mwa ziwa letu, mama akizalishwa kwa kupasuliwa. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu; mpasuaji akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo na kumwosha nayo tumbo, kisha akapasua kwa haraka, huku msaidizi akigusa sehemu zinazotoka damu kwa chuma cha moto. Jeraha lilifungwa kwa misumari myembamba 7 ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa, likapakwa dawa ya mizizi iliyosagwa na kufunikwa kwa jani la mgomba. Siku ya 11 lilikuwa limepona. Tukumbuke kwamba mpasuaji wa Uingereza, Joseph Lister, alichapisha njia yake ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867, na kwamba huko Ulaya mama aliyezalishwa kwa kisu alikuwa bado na nafasi kubwa ya kufa, mpaka daktari wa Ujerumani, Max Sänger, alipoonyesha mwaka 1882 umuhimu wa kuushona mfuko wa uzazi wenyewe. Kazi aliyoiona Felkin ilikuwa na hatua zenye mpangilio, wasaidizi waliojua zamu zao, na dawa ya jeraha iliyoandaliwa mapema. Watu hawawi na utaratibu wa namna hiyo kwa jambo wanalolifanya kwa mara ya kwanza.

Wengine wanakubali umuhimu wa upasuaji lakini wanasema hatuna madaktari bingwa wa kutosha, na hapo mkoa wetu wenyewe una jibu. Tanzania imetegemea kwa miongo mingi madaktari wasaidizi, yaani matabibu walioongezewa mafunzo, upasuaji ukiwemo, bila kupitia shahada ya udaktari. Watafiti waliochunguza upasuaji wa uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma, na kuchapisha matokeo mwaka 2009, walikuta kwamba zaidi ya operesheni 4 kati ya kila 5 zilifanywa na hao madaktari wasaidizi, na kwamba hali za mama na watoto waliowahudumia hazikutofautiana kwa kiasi cha maana na za waliohudumiwa na madaktari kamili. Sijui mkoa mwingine ambao ungekuwa na sababu kubwa kuliko wetu ya kujivunia matokeo hayo, wala sielewi kwa nini hayatajwi kwenye mijadala yetu.

Ushahidi ulionibadilisha mimi zaidi, hata hivyo, unahusu virusi vya UKIMWI. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika hapa Mwanza utafiti ambao ungali unafundishwa vyuoni duniani kote. Jamii 12 zilipangwa mbili mbili. Katika kila jozi, moja ilipata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vyake vya afya, yaani watumishi waliofundishwa kutibu kwa kufuata dalili bila kusubiri maabara, dawa zisizokatika na usimamizi wa mara kwa mara. Baada ya miaka miwili, maambukizo mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizopata huduma hiyo, na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Kwa lugha ya mwaloni, katika kila watu wazima 1,000, badala ya 19 waliambukizwa 12. Matokeo yalitoka mwaka 1995 na yakapokewa kwa furaha kubwa, kwa sababu zahanati ya kawaida ilikuwa imefanya kazi ya kinga. Kisha, mwaka 1999, yakaja matokeo ya Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa, ambako watu wote walitibiwa magonjwa ya zinaa nyumba kwa nyumba, na tofauti ya maambukizo mapya ya VVU haikuonekana. Wataalamu wameeleza kwamba ugonjwa ulikuwa umefikia hatua tofauti katika jamii hizo mbili, na maelezo hayo yana uzito. Hata hivyo ule upungufu wa maambukizo wa Mwanza, wa karibu asilimia 40, haukupatikana tena mahali pengine kwa njia hiyo.

Kilichopatikana zaidi ya mara moja kilitokana na kisu. Majaribio matatu ya tohara kwa wanaume, la Orange Farm huko Afrika Kusini, la Kisumu na la Rakai, yote yalionyesha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa nusu au zaidi. Kisumu, katika vijana 2,784, walioambukizwa ndani ya miaka miwili walikuwa 22 upande wa waliotahiriwa na 47 upande wa pili. Mwezi Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, na vijana wa Mwanza, ambako sisi Wasukuma kwa asili si watu wa jando, wakaanza kupanga foleni kwenye vituo vya afya. Tohara haiondoi haja ya kondomu, na jaribio la vijana wa mji mmoja halilinganishwi moja kwa moja na jamii 12 za vijijini. Lakini anayeyapanga magonjwa kwenye makabati mawili, moja la kinga na jingine la upasuaji, aniambie faili hili ataliweka wapi.

Sitaki kumaliza kana kwamba kisu hakina madhara. Jeraha lililooza baada ya operesheni ni umaskini mpya, na chumba cha upasuaji kisicho na maji ya bomba ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Ndiyo maana nafurahi kwamba orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, inayowataka watumishi wathibitishe kwa sauti jina la mgonjwa, aina ya operesheni na hesabu ya vifaa, ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, na kwa jumla vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hiyo ni akili ya afya ya jamii ikifanya kazi mezani pa mpasuaji. Kwa upande mwingine, kinga nayo imewahi kuwaumiza watu wa ziwa hili: malale yalipoua watu wanaokadiriwa kufika robo milioni upande wa Uganda kati ya mwaka 1900 na 1920, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa amri wakazi wote wa ukanda wa maili 2 kutoka ufukweni, na visiwa vya Ssese vikabaki bila watu kwa miaka mingi.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, gari la wagonjwa kutoka Sengerema liliacha kusubiri kivuko. Wa Ukara na visiwa vidogo vya Ukerewe bado wanasubiri boti, na upepo ukiwa mkali usiku boti haiondoki. Kwa hiyo ninapoona orodha ya fedha za kinga za mwaka ujao, ikiwa na vyandarua, prazikwanteli na vyoo vya shule, naomba chini yake viandikwe pia mtungi wa oksijeni, jokofu la damu, mashine ya mvuke ya kusafishia vifaa na mshahara wa mtaalamu mmoja wa usingizi kwa kila kituo cha kisiwani, katika fungu hilo hilo.