"Hama mtandao" si jibu

Kila watu wakilalamikia makato ya kutuma pesa kwa simu, hakosi wa kuwaambia: "Si mhame mtandao?" Jibu hilo linanikera, kwa sababu linapita mbali na kibanda cha wakala, na mambo yote yanaamuliwa pale.

Chukua wakala mwenye laini nne za mitandao tofauti na float ya milioni moja, yaani salio la simu analotumia kuwawekea wateja pesa. Float ya laini moja haihudumii nyingine, lazima aigawe. Wateja wengi wako mtandao mkubwa, basi anaweka huko laki saba. Kila laini iliyobaki inapata laki moja. Anakuja mteja wa mtandao mdogo, anataka kuweka laki mbili. "Float imeisha, jaribu kule mbele." Ili aiongeze, wakala afunge kibanda aende benki au kwa wakala mkuu, kwa ajili ya mteja mmoja. Haendi. Mteja akikataliwa mara mbili tatu anarudi mtandao mkubwa, makato yawe ya juu au ya chini, na wakala anapata sababu ya kuhamishia float zaidi huko huko.

Kutumiana pesa kati ya mitandao kumesaidia, sikatai. Nchini Tanzania, Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana mwaka 2014, Vodacom ikaingia 2016. Kenya ikafuata 2018. Kabla ya hapo, pesa kutoka mtandao mwingine ilikuja kama ujumbe wenye namba ya siri. Hukuweza kulipia umeme wala kuiacha kwenye simu. Ulikwenda kwa wakala wa mtandao wa aliyekutumia, ukaitoa.

Na ndiyo, aliyejenga mtandao wa mawakala kwa fedha zake ana haki ya kuvuna. Ila nchini Kenya, hadi 2014 wakala wa M-Pesa alibanwa na mkataba asihudumie kampuni nyingine. Huko ni kuziba njia.

Kuhama na namba yako? Namba inahama, lakini historia inayokupa mkopo wa simu inabaki ulikotoka.

Benki Kuu ya Tanzania tayari ina TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo unaounganisha benki na mitandao ya simu. Float nayo ipite humo: wakala awe na akaunti moja, mteja wa mtandao wowote ahudumiwe kutoka humo, na mtandao wa mteja ulipe kamisheni. Kamisheni iwe sawa kwa wote, la sivyo wakala atamsukuma mteja kule anakolipwa vizuri, na tutakuwa tumebadilisha mitambo tu.