Akili huzeeka lini?

Mpe kijana wa miaka 25 na mzee wa miaka 70 mafumbo ya maumbo, kwa saa ya kuhesabia. Mara nyingi mzee ataachwa mbali. Kwa miaka mingi ulinganisho wa namna hii uliwafanya wanasaikolojia waamini kuwa akili hupanda hadi ujanani, kisha ni mteremko tu.

Kasoro ni kwamba wawili hao hawapishani umri peke yake. Pengine mzee alisoma kwa miaka michache kuliko kijana, tena mtafiti James Flynn alionyesha kuwa katika nchi nyingi alama za majaribio ya akili zilipanda kizazi hadi kizazi katika karne ya 20. Mwanasaikolojia K. Warner Schaie aliliona tatizo hilo. Mwaka 1956, huko Seattle, Marekani, alianza kuwapima watu, kisha akawa anawarudia walewale kila baada ya miaka 7. Aliona uwezo wao mwingi ukidumu hadi kukaribia miaka 60.

Mwanasaikolojia mwingine, Timothy Salthouse, hakuridhika. Anayerudia jaribio, asema, huwa keshalizoea. Na waliodhoofika hujitoa, wakabaki wenye afya. Hoja yake ni nzito, na kuhusu wepesi wa kufikiri naona yuko sahihi: huanza kupungua mapema, kabla hata ya miaka 40. Ila wepesi si akili yote. Mwanasaikolojia Raymond Cattell alitenga uwezo wa kung'amua jambo jipya na ule unaotokana na mambo tuliyojifunza, kama msamiati, ambao huzidi kukua mtu akiwa mtu mzima.

Ajabu ni kwamba ushahidi unaonivutia kuliko wote ni wa Salthouse huyohuyo. Mwaka 1984 alichapisha utafiti wake juu ya wapiga chapa, yaani waandikaji kwa taipureta, wa rika mbalimbali. Vidole vya wakongwe viliitikia polepole, lakini katika kuchapa hawakuachwa na vijana. Siri ilikuwa machoni: walisoma herufi nyingi zaidi mbele ya ile waliyokuwa wakiigonga. Alipowafichia maneno ya mbele, kasi yao ilishuka kuliko ya vijana.

Sasa mkongwe huyo apewe alama gani? Kwa kipimo cha kidole ameshuka. Kwa kipimo cha kazi yuko palepale. Lakini mbinu hiyo ameijenga kwa miaka mingi mbele ya mashine moja, na sidhani kama itamfaa siku atakapokabidhiwa kazi asiyowahi kuiona.