Mlimani, tela ni la nani?

Ukisimama chini ya Mlima Kitonga, pale barabara inapomaliza kujizungusha ikitoka Iringa kuelekea Morogoro, pua itakuambia lori linakuja kabla macho hayajaliona. Ni harufu ya breki zilizoungua. Asubuhi moja hosi, yaani kichwa cha lori kinachovuta tela, ikiwa na mzigo wa shaba, ilitokeza kwenye kona ya mwisho, ikasimama karibu na tulipoegesha. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya tela tu. Ya hosi yalikuwa yametulia, hayana habari. Utingo akaruka chini na dumu la lita 20, akaanza kuyamwagia maji, nayo yakalia kama kitunguu kwenye mafuta ya moto. Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kabini anafungua soda. Nikamsalimia, nikamuuliza mbona tela linafuka peke yake. Akacheka. "Tela si langu, braza. Nimepewa juzi Tunduma."

Kauli hiyo hunirudia kila ubishi wetu wa malori ya milimani unapoanza upya. Unaanza kwa namna moja siku zote. Lori linaua watu mteremkoni, saa chache baadaye taarifa inatoka: uzembe wa dereva, mwendo kasi. Madereva nao vijiweni wana lao: breki zilifeli, mlitaka afanye nini? Ndivyo ilivyokuwa baada ya Juni 30, 2023, lori lenye kontena lilipowavamia watu kwenye makutano ya Londiani, barabara ya Nakuru kwenda Kericho, wakafa 52. Ubishi ukarudi baada ya Februari 24, 2024, Ngaramtoni nje kidogo ya Arusha, walikofariki 25. Kila upande una hoja nzito. Tabu yake ni kwamba pande zote mbili huanza kuhesabu pale breki zilipokataa, na wakati huo mambo yalishaharibika zamani, kule juu.

Nianze na wanaomlaumu dereva, maana sayansi ya mlima iko upande wao kuliko tunavyopenda kukiri. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, ya mwaka 2013, inaruhusu lori lenye ekseli za kutosha kufika tani 56. Chukua lori la uzito huo, lishushe kimo cha mita 100 tu kwa mwendo usiobadilika. Nguvu inayopaswa kumezwa mahali fulani, kwa makadirio, inatosha kuchemsha madumu manane ya maji ya lita 20, kutoka ya bomba hadi yatokote. Joto hilo lazima liende mahali. Ama linaingia kwenye injini na kutokea kwenye ekzosi na rejeta, ama linaingia kwenye breki. Kinachomezwa na matairi na hewa ya njiani ni kidogo.

Sasa weka mteremko wa asilimia 7. Kimo hicho cha mita 100 ni kama kilomita moja na nusu ya barabara. Ukishuka kwa kilomita 20 kwa saa, joto lile linapata dakika nne na ushee kutawanyika. Ukishuka kwa 60, linapata dakika moja na nusu. Joto ni lile lile, muda ndio umekatwa. Ndiyo maana wazee wa barabara hii husema ushuke mlima kwa gia uliyoupandia, na wengine hupunguza moja zaidi kwa sababu lori za siku hizi zina nguvu, zinapanda kwa gia ambayo ukishukia nayo utajuta.

Gia hiyo inachaguliwa juu, kabla pua ya gari haijainama. Ukishaachia lori likafika 60 halafu ukataka kurudi gia ya chini, kuna hatari kubwa gia ikatae kuingia, ukabaki fri, yaani bila gia yoyote, bila kupenda. Na anayepiga fri kwa makusudi, kuokoa mafuta, amejivua mwenyewe nguo zote: injini haimshikilii tena, breki ya ekzosi haina kazi, na kwa kuwa injini inaunguruma taratibu, hata kompresa inajaza upepo wa breki polepole wakati yeye anautumia kwa kukanyaga pedali kila kona. Akipata ajali akasema upepo uliisha, huenda hasemi uongo. Ila aliumaliza yeye.

Hapo hapo pana jambo ambalo wengi wasiofanya kazi hii hawalijui. Breki za upepo za lori zimeundwa ili upepo ukiisha zishike. Ndani ya busta, kile kikopo cha chuma kilicho nyuma ya gurudumu, kuna springi nene inayozuiwa na upepo. Upepo ukipungua mno, springi inafyatuka na kubana. Kwa hiyo "upepo uliisha, breki zikakataa" ni maelezo yanayohitaji swali la pili: springi zilikuwa wapi? Mara nyingi jibu ni mojawapo ya mawili. Ama ngoma za breki zilishapata joto hadi zikatanuka, zikazikimbia lainingi, vile vipande vinavyosugua ngoma, hata springi inaposukuma haifiki popote. Ama kuna mtu alishaikaza springi kwa boliti nyuma ya busta, siku ile gari lilipokwama na breki zimeng'ang'ania, wakataka tu lifike gereji, halafu boliti ikasahauliwa humo.

Na hapa ndipo ninapoanza kuhamia upande wa dereva. Nani aliikaza ile boliti? Kwenye hosi, dereva atakuwa anajua, maana analala humo, anaijua kila kelele yake. Kwenye tela, hajui. Matela yanabadilishwa yadini na mipakani kama makreti ya soda: unaacha moja, unabeba jingine, karatasi za mzigo ziko tayari, geti linafunguliwa. Tela lina ekseli mbili au tatu za breki zake, na lenyewe ndilo lililobeba sehemu kubwa ya uzito. Marekebisho ya breki hizo yakilegea, dereva hatayasikia kwenye barabara tambarare ya Igawa au Makambako. Pedali itajibu vizuri, kwa sababu hosi inafanya kazi ya wawili. Atayasikia Kitonga, baada ya kona ya tatu, hosi inapoanza kusukumwa kutoka nyuma.

Tela linalosukuma lina tabia mbaya kwenye kona. Ukibana breki za hosi kwa nguvu huku tela halibani, tela linataka kupita, na kwa kuwa limefungwa kwa pini moja, haliwezi kupita ila kwa kuizungusha hosi hadi viwili hivyo vikunjane. Kwa hofu hiyo madereva wengi wamejizoesha kinyume chake: wanatumia breki ya mkono ya tela, ule mkono mdogo karibu na usukani, mteremko mzima. Tela linavutwa nyuma, linanyooka, hosi inabaki salama. Hapo ndipo nilipomwelewa bwana wa soda. Moshi ulikuwa wa tela peke yake kwa sababu alikuwa ameliachia tela kazi yote. Hosi atairudisha kwa bosi na ataulizwa lainingi zimeisha vipi. Tela atalitupa yadini Dar, na anayefuata atalikuta hivyo. Simtetei, lakini hesabu yake naiona.

Kuna na hesabu ya mafuta. Wamiliki wengi humpimia dereva lita za safari nzima, kinachozidi ni chake, kinachopungua kinatoka mfukoni kwake. Ukimpa mtu mshahara mdogo ukamwekea zawadi kwenye tangi, usishangae akishuka Mlima Sekenke kwa fri. Kinachoniudhi katika hili ni kwamba kwenye injini za dizeli za kisasa fri haiokoi hata hicho kinachodhaniwa. Ukishuka ukiwa ndani ya gia na mguu uko nje ya mafuta, pampu inakata dizeli kabisa. Ukiwa fri, injini inakunywa ili isizime. Mlimani, penye mteremko mkali, anayeokoa mafuta ni yule aliyeshikwa na gia. Ila imani ya fri imerithishwa kwa watingo kama dawa ya kienyeji.

Wamarekani waliupitia ubishi huu hadharani. Aprili 25, 2019, lori la mbao liliteremka barabara ya I-70 kutoka milima ya Colorado likiwa halina breki, likaingia kwenye foleni ya magari eneo la Lakewood, wakafa watu wanne. Dereva alikuwa kijana wa miaka 23. Kule wana njia za kuokolea malori: barabara fupi inayochepuka na kupanda, imejazwa kokoto nene zinazomeza magurudumu. Aliipita moja bila kuingia, na waendesha mashtaka wakaing'ang'ania hoja hiyo. Desemba 2021 alihukumiwa miaka 110. Watu karibu milioni tano wakatia saini kupinga, wengi wakiuliza mbona kampuni iliyomkabidhi lori haiko kizimbani, na kabla mwezi haujaisha gavana akaishusha hadi miaka 10.

Kesi hiyo huitaja kila mtu anaposema tukijengewa njia za kokoto tutakuwa tumemaliza. Nazitaka, tena sana, na Kitonga na mteremko wa Iwambi kule Mbeya zingefaa kuwa nazo jana. Lakini dereva anayejua kwamba kuingia kwenye kokoto ni kuharibu gari na kufukuzwa kazi atajipa moyo kona moja zaidi. Na njia ya kokoto haihamishi soko. Chini ya karibu kila mteremko wetu pana soko, kwa sababu pale ndipo malori hupunguza mwendo na abiria hushuka kununua mahindi. Londiani waliokufa wengine walikuwa wafanyabiashara wa pembeni. Mbalizi, chini ya Iwambi, wakazi wameishi na hofu hiyo miaka mingi. Barabara inayomaliza mteremko kwenye meza za nyanya haiwezi kusema haihusiki.

Pendekezo linalopata makofi zaidi siku hizi ni malori yasimamishwe juu, yashuke kwa zamu, tena kwa msafara wenye gari la kuongoza. Nusu ya kwanza naiunga mkono. Kusimama juu kunapoza breki, na muhimu zaidi, kunamlazimisha dereva kuanzia gia ya chini kwa kuwa gari limesimama. Nusu ya pili inanitia wasiwasi. Katika msafara kila mtu anafuata mwendo wa aliye mbele. Lori tupu linaloongoza kwa 30 litamfanya mwenye tani 50 nyuma yake atoke kwenye gia inayomfaa na kukalia pedali hadi chini. Kinachofaa ni kila lori kushuka kwa gia yake, mwendo ukizidi alioupanga anakanyaga kwa nguvu mpaka upungue kama kilomita nane hivi, anaachia kabisa, breki zinapumua, anarudia. Kukanyaga kidogo kidogo muda wote ndiko kunakozaa ile harufu. Sisemi lolote kuhusu kizuizi cha kusimamisha malori kitakavyogeuka dirisha la chai. Kila msomaji ameshawaza.

Wanaovuta tela dogo kwa pikapu au Land Cruiser wasijione hawamo humu. Matela mengi ya kuchomelea mtaani hayana breki kabisa, kwa hiyo kilo 800 za saruji zinategemea breki za gari la mbele, lililoundwa kujisimamisha lenyewe. Mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ilale kwenye ndoano. Ukirundikwa nyuma tela litaanza kutikisa mkia kwenye mteremko. Likianza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuupinga, na usithubutu kuongeza mwendo ili kulinyoosha. Mwenye gia za otomatiki ateremshe mkono hadi 2 au L akiwa bado juu. Basi.

Ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu, ningeanza na tela, kabla ya adhabu na kabla ya kokoto. Liwe na kitabu chake kinachotembea nalo: lini breki zilirekebishwa, nani alizipima, busta gani iliguswa. Dereva anayelipokea asaini baada ya kulijaribu: anavuta mbele taratibu, anashika breki ya tela peke yake, anaona kama linamng'ang'ania. Ni jaribio la dakika mbili. Likishindwa, arudishe ufunguo, na sheria imlinde asifukuzwe kwa kuurudisha. Akisaini bila kujaribu, hapo sina neno polisi wakimwita mzembe. Wenye malori watasema hiyo ni gharama na foleni yadini, na kweli ni gharama; ila leo gharama hiyo inalipwa na mama anayeuza ndizi chini ya mlima.

Yule bwana alimaliza soda. Nikamwambia maji ya baridi hupasua ngoma za chuma zikiwa za moto, bora angeliacha tela lipoe lenyewe kwa saa moja. Akatazama saa, akatazama barabara. Akamwita utingo wake, naye alikuwa ameshakwenda mtoni kujaza dumu la pili.