Funga mwezi, wacha kutegemea paswodi

Watu wenye wanaandika matumizi yao hapa Nairobi siku hizi ni wengi, bei ya vitu ilitufunza, na ukiwauliza hizo rekodi wanazilinda aje karibu kila mtu anakuambia paswodi. Ati simu iko na alama ya kidole, apu iko na pin, laptopu haiguswi na mtu. Sawa, hio inazuia mtu wa nje asisome. Lakini haizuii wewe mwenyewe, ama apu yenyewe, ama mtoto wa dada yako amepewa laptopu acheze gemu, kubadilisha kitu ya Februari tukiwa Septemba na hakuna mtu atajua. Mwizi anataka pesa, daftari lako halimsaidii na chochote. Wenye wanaliharibu ni watu wako na vyombo vyako, polepole, bila kelele. Dawa yake kwangu ni kufunga mwezi, yaani ukiisha hakuna mtu kugusa rekodi zake tena.

Na ule msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari tunaujua wote, shida ni kwamba daftari likiwa lipo na limebadilika hio kwangu ni mbaya kuliko kukosa kabisa, juu mwenye hana daftari angalau anajua hajui, na wewe unaamini namba ya uongo hadi unabishana nayo na mwenye nyumba mbele ya majirani.

Wacha nikupe mfano wa chama, kwa sababu hapo ndo hii maneno huumiza watu vizuri. Michango iko kwa Google Sheets, mweka hazina amepea wanachama wote ruhusa ya kuandika, ili kila mtu ajionee, uwazi na kadhalika. Mtu mmoja anafungua kwa laptopu, anaona majina hayajafuatana, anaamua kusaidia. Anabonyeza ile safu ya majina pekee yake, anaipanga kutoka A hadi Z, anafunga anaenda zake akiwa amefurahi. Majina yamejipanga. Pesa zimebaki pale zilikuwa. Sasa Mama Achieng mwenye alikuwa na elfu thelathini na sita anaonekana ana elfu tisa, na Wanjiru mwenye hulipa kwa kusukumwa amekuwa mwanachama bora. Na hapa ndo ujanja wa hili kosa, jumla ya chini haijabadilika hata shilingi moja! Mweka hazina anaangalia jumla, anailinganisha na salio ya benki, inaingia sawa kabisa, anasema tuko poa. Itajulikana Desemba siku ya kugawana, na siku hio hakuna mtu atasikiza habari ya kupanga safu, watasema tu mweka hazina amekula.

Hio ni mkono wa binadamu. Kuna zenye mashine inafanya yenyewe ikidhani inakusaidia. Meseji za M-Pesa huandika tarehe siku kwanza halafu mwezi, kama sisi wote, sasa chukua laptopu ya mitumba ya Moi Avenue yenye mipangilio yake bado ni ya Marekani, uingize hizo tarehe kwa Excel. 3/5 inakuwa tarehe tano Machi. 4/5 inakuwa tarehe tano Aprili. Lakini 13/5 inashindwa, juu hakuna mwezi wa kumi na tatu, kwa hivyo inaachwa kama maandishi tu. Ukiangalia kwa makini utaona tarehe zingine zimeegemea kulia na zingine kushoto kwa ile safu, hapo ujue Excel imezisoma kwa njia mbili tofauti, matumizi ya Mei yametawanyika mwaka mzima na hakuna onyo lolote limetokea. Si ati Excel imeharibika, hio ndo kazi yake. Wanasayansi wa jeni walisumbuliwa na hii tabia miaka mingi, jeni zinaitwa majina kama SEPT1 na MARCH1 na Excel inazigeuza tarehe, hadi mwaka wa 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikabadilisha majina ya jeni zenyewe. Yaani ilikuwa rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko kubishana na Excel.

Ingine ni ya wale wa kusafisha. Umetoa stetimenti ya M-Pesa, ile PDF wanakutumia imefungwa na namba ya siri, umeihamisha kwa jedwali, unaona namba ya risiti moja imetokea mara mbili, unasema aah hii imejirudia, unabonyeza ile kitu ya kuondoa zenye zimejirudia ukitumia namba ya risiti. Kumbe ile laini ya pili, yaani mstari wa pili, ilikuwa ada ya kutuma, stetimenti huweka pesa uliyotuma laini moja na ada laini yake, zote na risiti moja. Sasa umefuta ada zako za mwaka mzima kwa sekunde moja na utakuwa ukijiuliza pesa huenda wapi.

Halafu kuna mabadiliko yenye hayagusi hata laini moja ya zamani lakini yanabadilisha ripoti. Unaunganisha kundi la "nyumba" na la "kodi" juu unaona yanafanana, na ripoti ya mwaka jana inajiandika upya. Ama wewe ni wa zile kazi za mtandaoni za kulipwa dola. Mwanzo wa 2024 dola ilikuwa imefika karibu shilingi 160, katikati ya mwaka huo huo ikawa karibu 129. Kama programu yako inapiga hesabu ya dola za zamani na bei ya leo, basi mshahara wa Januari umekatwa bila mtu kukukata. Pesa uliyopokea ni ile ile, uliitumia kitambo, ni programu tu imeamua vingine.

Sasa mtu ataniambia si uweke bakapu. Na mimi naweka, kila mtu aweke. Lakini bakapu ni dawa ya ugonjwa mwingine. Bakapu inakusaidia ukijua umepoteza, simu imeenda na mtu wa nduthi, laptopu imemwagikiwa chai, unaenda kwa bakapu unarudisha. Kosa la kimya haulijui, kwa hivyo bakapu ya leo usiku inalibeba na heshima zote, ya kesho inalibeba, na zile za zamani zenye zilikuwa sawa zinafutwa kupea mpya nafasi. GnuCash kwa mfano, ambayo ni programu ya bure ya kuweka hesabu na mimi naipenda, kila ukiseivu inaacha nakala ya faili yenye tarehe na saa kwa jina lake, pamoja na faili ndogo za logi zenye zinaandika mabadiliko. Vizuri sana. Lakini ikiachwa vile ilivyokuja huzifuta baada ya siku thelathini, na hata kabla ya hapo watu wengi huzifuta wenyewe juu folda inakaa chafu. Google Drive nayo faili ya kawaida umeipakia, kama ya Excel, matoleo ya zamani hukaa siku 30 ama matoleo 100. Kosa la Februari ukilijua Septemba hayo yote hayakusaidii.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua kuna watu hawatapenda: mwezi ukiisha ufungwe. Ufungwe kabisa, kama vile kampuni hufunga vitabu. Baada ya hapo hakuna mtu kuugusa, hata wewe mwenyewe, hata kama umeona kosa la wazi. Kosa unalirekebisha kwa laini mpya, ya tarehe ya leo, na maneno mawili ya kueleza kwa nini.

Mtu asiniambie hio ni mambo ya wahasibu, juu M-Pesa imetufunza hivyo tangu 2007. Ukituma pesa kwa namba mbaya, unatuma ile meseji ya M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom, na ukibahatika pesa inarudi. Je, ile laini ya kwanza hufutwa? Haifutwi. Inabaki pale na kosa lake, halafu inaingia laini ingine ya kurudisha na namba yake ya risiti. Mtu yeyote akisoma stetimenti anaona kilichotokea, kwa mpangilio. Daftari lako kwa nini lifanye vingine?

Kabla ya kufunga lazima uhakikishe mwezi wenyewe uko sawa, usifunge uchafu. Hapa stetimenti ya M-Pesa ni tamu kuliko hata za benki zingine kwa sababu kila laini iko na salio yake mwisho. Laini mpya ziko juu, kwa hivyo chukua salio ya laini ya chini yake, ongeza iliyoingia, toa iliyotoka, lazima upate salio ya laini hii. Andika hio fomula mara moja, ivute hadi chini, popote jibu limekataa basi hapo kuna laini imepotea ama imeguswa. Zile ada zilizofutwa zingeonekana hapo hapo. Salio ya mwisho wa mwezi pekee haitoshi, makosa mawili yanaweza kuuana na salio ikatoka sawa.

Kufunga kwenyewe kunategemea unatumia nini. GnuCash iko na kitu wanaita laini nyekundu, kwa mipangilio ya kitabu unaweka idadi ya siku, na muamala wowote mzee kuliko hizo siku unakuwa wa kusomwa tu. Pia inakupa njia ya kubatilisha muamala ukiandika sababu, na njia ya kutengeneza muamala wa kuugeuza, ile mambo ya 456 kabisa. Na ukifungua ikuambie faili inatumika mahali pengine usibonyeze tu fungua hivyo hivyo, soma kwanza, pengine umeiacha wazi kwa laptopu ya ofisi. QuickBooks, programu ya hesabu ya wenye biashara, ina tarehe ya kufunga yenye unaweza kuiwekea paswodi yake. Hapo sasa paswodi ina maana.

Google Sheets unalinda ile karatasi ya mwezi mzima ubaki wewe pekee unaweza kuiandika, halafu unaenda kwa historia ya matoleo unalipa toleo la siku hio jina, kitu kama "Agosti imefungwa", ili ulipate haraka siku ya maneno. Unaweza pia kubonyeza seli moja uone nani aliibadilisha na ilikuwa ngapi. Excel nayo ina kulinda karatasi, lakini ujue hata Microsoft wenyewe wanasema hio si ulinzi wa mtu mbaya, ni wa kuzuia mkono usiteleze. Kwangu inatosha, mkono ndo adui.

Halafu, na hii ndo napenda zaidi, tengeneza PDF ya mwezi uliofungwa uitume kwa grupu la chama ama kwa mke wako ama mtu yeyote unamwamini. Sasa kuna nakala mahali mkono wako haufiki. Mtu akibadilisha jedwali, PDF ya kila mwanachama inamsuta. Wenye wanapenda kompyuta wanaweza kuenda mbali, kwa Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, inakupa herufi na namba 64, kama alama ya kidole ya hio faili, na ukibadilisha hata senti moja ndani ya faili hizo 64 zinakuja tofauti kabisa. Ziandike kwa kitabu cha mkutano chini ya sahihi ya mwenyekiti. Najua hakuna chama itafanya hivyo. Mimi nasema tu.

Kuna mwenye ataona hii yote ni kazi mingi kwa mtu anahesabu sukuma na nauli. Kweli, kama daftari lako ni la kujua tu uliharibu pesa wapi wikendi, wachana na hii. Lakini mara tu pesa ya mtu mwingine imeingia hapo, ama una biashara, mambo yanabadilika. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka mlipa kodi aweke rekodi zake miaka 5, na rekodi za miaka mitano zenye zinajibadilisha zenyewe sijui utazielezea aje kwa ofisa wa KRA mwenye ana nakala ya benki mkononi.

Na zile apu za kusoma meseji zinakupangia matumizi yenyewe, siwezi kusema ni mbaya, zimesaidia watu hawangeandika chochote. Swali langu kwao ni moja, naweza kutoa data yangu yote kwa faili ya kawaida na niende nayo? Kwa sababu mabadiliko makubwa kuliko yote ni apu kufungwa. Marekani walikuwa na Mint, apu kubwa ya bure ya Intuit, watu wameweka miaka ya matumizi yao huko, na Machi 2024 ikafungwa, mwenye hakutoa wala kuhamisha data yake mapema alijiweka hatarini kuipoteza. Kwa hivyo apu yenye haina kitufe cha kutoa data, hata iwe na rangi na grafu namna gani, kwa simu yangu haiingii.